Iliki ya Nyuma ya Nyumba

Jumatatu, 9 Machi

Naanza kwa jina la Mwenyezi Mungu, na kwa penseli ya mume wangu ya kuchorea vitambaa, maana kuna maneno yamenikaa kooni na humu ndani sina wa kumwambia. Mume wangu ni fundi cherehani. Ukimletea habari ya ugomvi anaikanyaga mashine kwa nguvu ili asikusikie.

Habari yenyewe ni hii. Nyuma ya nyumba, kati ya ukuta wetu na ukuta wa jirani, kuna kipande cha ardhi kirefu chembamba. Jua hulioni pale mpaka likae utosini. Nilipoolewa palikuwa panatupwa makopo. Nikapasafisha, nikapanda tangawizi, nikapanda manjano, na kwenye kona yenye unyevu kuliko zote nikapanda iliki, chipukizi nililopewa na muuza viungo wa sokoni tunayemwita Bi Mizani. Huu mwaka wa tatu iliki imenipita kimo na haijanipa hata punje.

Katika nyumba hii kila kitu nilikikuta. Masufuria niliyakuta, kitanda nilikikuta, mpangilio wa viti nimekatazwa kuugusa. Kile kipande cha nyuma ndicho pekee nilichokifanya mwenyewe. Nikimaliza kupika huenda nikakaa pale na uradi wangu, majani yamenifunika, na nahisi dua zangu zinasikika vizuri zaidi.

Leo kwenye chai Shemeji, mdogo wake mume wangu, ametangaza kuwa anataka kupamwagia zege.

"Shem, usinune," akaniambia. "Mwezi wa kumi naoa. Vifaa vyangu vyote viko uvunguni. Mwanamke gani atalala juu ya miiko na ndoo za rangi?"

"Anayekupenda."

"Ananipenda, ila pua anayo."

Yeye ni mwashi. Anataka kujenga stoo. Si ombi la kijinga, na hilo ndilo linaloniuma. Mama mkwe, ambaye nyumba ni yake, akateremsha kikombe.

"Bi harusi," akaniuliza. Nina wajukuu, bado ananiita bi harusi. "Hayo majani yako yanazaa nini?"

"Tangawizi, Mama. Manjano. Na iliki."

"Tangawizi ya mwaka jana ilikuwa kama vidole vya kuku. Iliki sijaiona." Akamgeukia mwanawe. "Mwache mpaka mvua hizi zipite. Zikikatika, anioneshe kitu cha maana cha kutia mdomoni. Akikosa, jenga."

Mume wangu akasema, "Mimi simo," akaenda zake kwenye mashine.

Jumapili, 15 Machi

Nimetoka kwa Bi Mizani. Nimechagua tangawizi nene zenye macho yaliyotuna, zile anazowauzia wenye hoteli. Nikamuuliza habari ya iliki yangu. Akasema, "Mimi nauza punje, mama, mti wake sijawahi kuuona umezaa. Mwenye kunipa aliniambia inapenda kivuli, na uiombee."

Kuiombea naiombea.

Jumamosi, 28 Machi

Mvua ya kwanza. Nimepanda. Kila kipande nilikipaka jivu pale nilipokikata, nikakilaza jicho likitazama juu, nikakifunika kama mtoto.

Jumatatu, 6 Aprili

Leo tena Mama amefagia matandazo yangu yote. Nikiweka majani makavu juu ya udongo ili usikauke, asubuhi hayapo.

Niseme kidogo kuhusu fagio la Mama, maana asiyeishi hapa hawezi kuelewa. Kila siku baada ya sala ya alfajiri anachukua fagio lake la chelewa, anaanzia uwanja wa mbele, anaizunguka nyumba, anamalizia nyuma kwenye kona ya iliki. Anaacha ardhi imechorwa mistari kama kichwa kilichosukwa. Uwanja wa mbele ndio fahari yake; watu wanaopita njiani wanapunguza mwendo wautazame. Miguu inamsumbua, macho yanamsumbua, kupika ameniachia, lakini fagio hajamwachia mtu. Binti yake aliwahi kulishika siku moja ili amsaidie. Mama hakusema neno, akafagia upya nyuma yake.

Kwa hiyo nitamwambia nini?

Jumapili, 19 Aprili

Mvua. Tangawizi imetoa pembe. Alhamdulillahi.

Ijumaa, 1 Mei

Tangawizi imefika magotini, inanukia hata ukiipita tu. Nimeinua shingo kuichungulia iliki juu kabisa ya majani, kama mtu anayetafuta mwezi. Hakuna kitu. Shemeji alinikuta nimesimama juu ya ndoo.

"Unaiita ishuke?"

"Natafuta ua."

"Hiyo ni dume, shem. Ina mwili tu."

Akaondoka anapiga mluzi. Ana mluzi mbaya kweli.

Jumanne, 12 Mei



Wiki iliyopita Shemeji alifunga mfereji mpya wa bati kwenye paa, kwa sababu ukuta wa chumba chake ulikuwa unatoka jasho. Sikujali, ukuta ni wake. Mvua kubwa ikanyesha siku nne mfululizo na mimi nilikuwa na homa, sikutoka nje. Leo nimekwenda nyuma. Majani ya tangawizi yamekuwa ya njano. Nikashika shina moja, likanijia mkononi bila kubisha, kama nywele ya mgonjwa. Chini yake uji. Nikachimba la pili, la tatu, tuta zima. Harufu yake siwezi kuiandika. Mfereji wake mpya unamwaga maji yote ya paa juu ya tuta langu.

Nilimfuata akiwa anakula. Sikumwamkia hata Mama. Nikaweka ule uozo juu ya sinia karibu na sahani yake.

"Tazama."

Akatazama. Akaacha kula. Naandika kwa haki, kwa sababu Mungu anaona: uso wake ulishuka.

"Sikukusudia, shem. Wallahi. Sikufikiria maji yataangukia wapi."

"Mwashi hafikirii maji yataangukia wapi?"

"Nilikuwa nafikiria ukuta." Kisha akaharibu. "Lakini pengine ni Mungu mwenyewe kasema neno lake."

"Usimtume Mungu kazi zako," nikamwambia.

Mama akasema tunyamaze wote wawili, chakula kinapoa. Mume wangu alikuja kunitafuta jikoni baadaye, akasimama mlangoni na futi yake shingoni. Nikadhani atasema kitu. Akasema, "Manjano yamepona?" Nikasema yamepona lakini bado machanga mno, mwaka huu si ya kuliwa. Akatikisa kichwa. Saa nyingine namwonea huruma. Amezaliwa katikati ya mama na mdogo wake, hana pa kuegemea.

Imebaki iliki. Iliki ambayo haijazaa miaka mitatu. Nimeswali, nimelia, nimeosha sinia.

Jumatano, 20 Mei

Mama anaumwa. Kifua kimembana, anakohoa mpaka anajishika ubavu. Tabibu wa zahanati amesema alale, asiguse maji baridi wala vumbi, na hasa asitoke alfajiri.

"Na kufagia?" Mama akamuuliza.

"Mama, hata kijiko usishike."

Mama akageuka ukutani.

Jumamosi, 23 Mei

Usiku na mchana niko naye. Namkanda, namgeuza, namlisha. Mtu ukimbeba mikononi mwako ndipo unajua uzito wake. Mama ni mwepesi kama kanga iliyokauka. Miaka yote hii nilidhani ni jabali.

Jumapili, 31 Mei

Uji nusu bakuli. Nyuma sijakanyaga.

Jumanne, 9 Juni

Niandike polepole nisije nikaruka kitu.

Mama alipata usingizi mzuri baada ya adhuhuri, nikasema niende nyuma nikae kidogo, hata kama nakwenda kupaaga. Pamekuwa pachafu. Majani yaliyoanguka yamejaa, yameloa, yameshikana. Nikaona aibu, nikainama niyaondoe kwa mkono chini ya iliki kabla Mama hajapona akayaona.

Chini ya majani palikuwa na vikonyo. Vyembamba, virefu kama mkono wangu, vimetoka kwenye shina pale linapoingia ardhini na vinatambaa juu ya udongo huku na huku. Vile vikonyo navijua. Kila mwaka naviona mwanzo wa mvua, siku moja mbili, halafu havipo. Nilikuwa nadhani ni mizizi iliyopotea njia, Mama akiiondoa nafurahi moyoni kwamba usafi unafanyika.

Kwenye hivyo vikonyo palikuwa na maua.

Meupe, madogo kama ukucha, na katikati kuna ulimi wenye mistari ya zambarau, kana kwamba mtu ameuchora kwa sindano. Yako chini kabisa, karibu yaguse udongo. Nimekaa miaka mitatu nashangaa juu, maua yanatoka karibu na vidole vyangu vya miguu.

Nilipiga magoti palepale kwenye matope nikasujudu. Kanga yangu imeharibika, sijali.

Halafu nikiwa bado chini, likanijia la pili. Aliyekuwa anaondoa vikonyo hivi kila alfajiri ni Mama, na maua yamepata nafasi ya kufunguka mwaka huu kwa sababu Mama kitanda kimemshika. Je, namshukuru Mungu kwa maua yaliyokuja kwa ugonjwa wa mama wa watu? Nikamwomba ampe Mama afya yake yote, kisha nikaomba asiipate haraka sana, kisha nikaomba msamaha kwa dua ya pili.

Jumapili, 14 Juni

Mama ameamka, amekaa kwenye kiti cha mlangoni, amekula akamaliza. Tumefurahi wote. Amesema kesho kutwa anaanza kufagia.

Nimelificha fagio nyuma ya kabati.

Jumanne, 16 Juni

"Fagio langu liko wapi?"

"Silioni, Mama," nikasema, na nilikuwa nimetoka kwenye mswala, hata magoti hayajapoa.

Akauliza nyumba nzima. Shemeji akasema labda panya wamehama nalo. Mume wangu akatazama kabati, akanitazama mimi, akaivuta suruali ya mteja karibu na macho kana kwamba ana uzi wa kutafuta. Mama akakaa kitandani mikono imelala mapajani. Nilikuwa sijawahi kuiona mikono yake haina kazi. Nilijisikia kama mwizi.

Nikalitoa fagio, nikampa mkononi.

"Nililificha mimi, Mama. Nisamehe. Njoo nikuoneshe kwa nini."

Nikamshika mkono taratibu mpaka nyuma, nikamkalisha kwenye kigoda, nikayafunua majani. Hakuona mara moja, macho yake hayafiki mbali. Akainama mpaka nikaogopa ataanguka.

"Nini hiki?"

"Iliki inachanua, Mama. Inachanua chini."

Akanyoosha kidole, akaligusa ua moja kama anavyogusa paji la mtoto mwenye homa.

"Hivi ndivyo nilivyokuwa nafagia."

"Hatukujua, Mama. Na mimi sikujua."

"Miaka yote."

"Mama."

"Nirudishe ndani," akasema.

Jumatano, 17 Juni

Haongei. Amefagia uwanja wa mbele, amefika kwenye kona ya ukuta, amesimama, amerudi.

Alhamisi, 18 Juni

Haongei. Mume wangu ameniambia nimefanya vizuri kumwambia. Mume wangu, ambaye hayumo. Nimekaa nalo neno hilo kutwa kama peremende.

Jumamosi, 27 Juni

Nimekwenda nyuma asubuhi nimemkuta Mama kwenye kigoda changu, kanga imefunika masikio, anapunga mkono.

"Nafukuza kuku wa jirani," akasema bila kunigeukia. "Nyuki usiwaguse. Wanaingia mmoja mmoja, wanatoka wamejipaka unga. Nimewatazama tangu jua halijapanda. Ua linafunguka leo, jioni limesinyaa. Ulijua?"

"Sikujua, Mama."

"Hujui mengi, bi harusi. Na hayo majani makavu, yarudishe. Ardhi iko uchi."

Nikayarudisha. Niligeuza uso asione ninavyocheka na kulia pamoja.

Jumamosi, 11 Julai

Vipunje. Vya kijani, vidogo kama kichwa cha pini ya mume wangu, vimejipanga kwenye vikonyo. Mama anavitembelea kabla ya chai na baada ya chai.

Jumapili, 26 Julai

Leo naandika ndefu.

Mvua zimekatika. Shemeji ameleta mchanga, kokoto na mifuko ya saruji, ameviweka pembeni ya nyumba. Asubuhi akaja nyuma na kamba na vijiti.

"Shem, muda umefika. Mimi sina ubaya."

Nikamwonesha iliki. Akachuchumaa. Kwa haki tena: alichuchumaa kwa heshima, akaviangalia vizuri.

"Vipele hivi?"

"Vinakomaa miezi miwili ijayo."

"Miezi miwili naoa." Akakaa chini kwenye udongo, mtu mzima. "Unajua mimi silali? Najenga nyumba za watu tangu nina ndevu mbili. Namleta mke kwenye chumba kinachonuka tapentaini. Ndugu zake watasema mwashi kashindwa kujijengea hata shimo la panya. Nifanyeje, shem?"

Mungu anisamehe, kwa miezi hii yote nilikuwa namwona kama mtu mwenye zege tu. Nilikuwa sijaona kwamba anaogopa. Nikakaa chini na mimi. Nikimpa hapa nabaki bila kitu, nisipompa anabaki na aibu.

Mama alikuwa amesimama kwenye kona ya ukuta, sijui tangu lini. Akaja akachuma punje moja, akaipasua kwa kucha, akaitia mdomoni. Akatafuna. Ndani ilikuwa nyeupe, maji matupu, hata harufu haijaingia.

Akaitema kiganjani.

"Haina kitu," akasema.

Shemeji akainuka taratibu, akashika kamba yake. Mimi nilibaki chini. Nikasema moyoni, basi, Ewe Mola, ni Wewe unayetoa.

"Hiyo stoo yako," Mama akamuuliza, "ina upana gani?"

"Hatua nne kwa tatu, Mama."

"Nifuate. Na wewe, bi harusi, inuka."

Akatupeleka mbele. Akaingia katikati ya uwanja wake, juu ya mistari aliyoichora alfajiri ileile, akaikanyaga. Akahesabu hatua zake fupi kutoka ukutani, akageuka, akahesabu tena, akachora mstari kwa kisigino.

"Jenga hapa."

Shemeji akamtazama kama aliyeambiwa aruke. "Mama, huu uwanja wako."

"Naujua ni wangu. Ndiyo maana nautoa mimi."

"Watu wakipita watasema nini?"

"Watasema ana mwana mwashi." Akamwelekezea fagio. "Nimefagia ardhi miaka yote ili ibaki tupu. Kule nyuma kuna kitu kinataka kuzaa. Hakijakomaa, kwani wewe ulipozaliwa ulikuwa na ndevu? Chukua kamba yako."

Ndipo nikagundua cherehani imenyamaza. Mume wangu alikuwa mlangoni na futi shingoni. Akashuka ngazi, akachukua ncha moja ya kamba kwa mdogo wake.

"Vuta upande wako," akasema. "Mimi nimo."

Nilimshika Mama mkono nikaubusu, akauvuta akasema nimemlowesha.

Jumamosi, 8 Agosti

Kuta zimesimama. Shemeji ameuhamisha na mfereji wa bati bila kuambiwa. Sasa maji yanaingia kwenye pipa langu. Anapiga mluzi uleule. Nimeuzoea.

Mama amebakiwa na ukanda mdogo wa kufagia, kutoka mlangoni hadi njiani. Nilimuuliza kama anaona uchungu.

"Naona," akasema. "Mgongo hauoni."

Jumapili, 23 Agosti

Punje zimetuna, zina pembe tatu. Bi Mizani amefunga duka aje azione. Alipiga magoti, akafunua, akasema ameziuza maisha yake yote na hakuwahi kujua zinalala chini.

Jumamosi, 19 Septemba

Leo nimevuna.

Niliamka mapema, nikaswali, nikaenda nyuma peke yangu na mkasi mdogo wa mume wangu, ule wa kukatia nyuzi. Nimepasua ya kwanza. Mbegu ni nyeusi, zimeshikana, zina utamu unaonata kwenye vidole. Harufu ilipanda ikajaa kati ya kuta mbili mpaka nikalazimika kufumba macho. Nimekata zilizokomaa tu, moja moja, nyingine nimeziacha. Bakuli la uji limejaa mpaka linamwagika. Nikasema alhamdulillahi, nikasema tena, ulimi haukutaka kuacha.

Nikiwa bado nimechuchumaa nikasikia hatua za Mama zinakuja, na sauti ya mwanamke kijana. Mchumba wa Shemeji ameletwa na shangazi yake kuiona nyumba. Mama alikuwa anamtembeza.

"Hii stoo ni ya mumeo. Kuta za mkono wake mwenyewe. Pale ni kwangu, ukikuta pamefagiwa usipite na viatu vya matope."

"Na huku nyuma, Mama?"

"Huku ni kwa mwenzio wa nyumba hii, mke wa mwanangu mkubwa. Huku haingii mtu hivihivi."

Hatua zikasimama kwenye kona ya ukuta. Niliona ncha ya fagio na vidole vya miguu ya Mama, vimepangwa sawa mahali ambapo udongo wa nyumba unakwisha na majani yangu makavu yanaanza. Mwenye nyumba. Aliyenipokea mlangoni nikiwa msichana na kunionesha kila kitu pa kukiweka.

"Hodi," akasema.

Mkasi ukaniponyoka. Akangoja, hakusogeza mguu.

"Hodi huku."

Nikajifuta mikono kwenye kanga, nikasimama wima.

"Karibu, Mama," nikasema. "Karibuni ndani."